Mabaka ya njano kwenye miche ya tufaha, na mingine inakatika kwenye kiungo: ni virusi?

Kitalu_Njombe

Wakuu, habari za kazi. Nina kitalu cha miche ya tufaha ya kuuza, ukanda wa baridi huku Njombe. Aina ni Anna, Dorsett Golden na Winter Banana. Mingi imebebeshwa juu ya MM.106 (aina ya shina la chini), iliyobaki juu ya mashina yaliyooteshwa kwa mbegu. Kuna mambo mawili yananisumbua.

La kwanza ni majani ya Anna. Yana mabaka ya rangi ya krimu hadi njano kali, hayana mpangilio wowote. Jani moja linaweza kuwa na upande mmoja umebabuka na upande wa pili kijani safi. Si miche yote. Majani yaliyotoka baadaye, jua lilipozidi, ni mazima. Nimepiga dawa ya vidukari na mbolea ya majani yenye zinki, sijaona tofauti.

La pili, Dorsett Golden juu ya MM.106: sehemu ya kundi imedumaa, na wakati wa kung'oa michache imekatika pale pale kwenye kiungo, kavu kabisa kama imepigwa msumeno.

Naomba kujua: hivi ni virusi? Kama ni virusi, kuna dawa? Mche mgonjwa unaambukiza wa jirani? Na nianzie wapi ili msimu ujao nisiuzie watu ugonjwa? Mche wa tufaha ni mti wa miaka 20 shambani kwa mteja, sitaki kumpa mtu kitu kibovu.

---

Gome_na_Jicho

Mkuu, hayo mambo mawili yatenganishe kabisa, maana huenda hayahusiani.

Mabaka ya Anna kwa maelezo yako yanafanana sana na batobato ya tufaha. Kirusi chake maabara wanakiandika ApMV. Dalili zake ndizo ulizotaja: baka la krimu au njano lenye mpaka mkali, limekaa popote kwenye jani, wakati mwingine linafuata mshipa, na jua likiwa kali lile baka hukauka likawa kahawia. Majani yanayochipua wakati wa ubaridi ndiyo yanayoonyesha. Yanayochipua kwenye joto hutoka safi, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani dawa ya mwisho waliyopiga imefanya kazi. Mti bado ni mgonjwa vilevile.

Kabla hujahukumu, ondoa mashaka haya:

Upungufu wa chuma huacha mishipa kijani na katikati ya mishipa njano, jani zima kwa usawa, na huanzia majani machanga. Upungufu wa magnesi huanzia majani ya chini, yaliyokomaa. Zinki ikipungua majani huwa madogo, membamba, yamesongamana kileleni kama ua. Dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo huonekana kwenye mstari mzima wa kitalu au upande mmoja ulikotoka upepo, na majani hujikunja. Ubwiri unga una unga mweupe unaofutika kwa kidole. Batobato haifuati usawa wa jani, haifuati mstari wa kitalu na haifutiki. Inafuata kitu kimoja tu: mti uliokatia vikonyo (vijiti vya kubebeshea).

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakina gharama. Chukua daftari lako uone miche yenye mabaka ilitoka mti mama upi. Ikiwa yote inarudi kwenye mti mmoja au miwili, umeshapata chanzo. Ikiwa imesambaa kwenye miti mama yote ya Anna, basi ama miti hiyo yote ilizaliwa na mti mmoja mgonjwa, ama ugonjwa uko kwenye mashina ya chini.

Kuhusu dawa: hakuna. Hakuna kiuatilifu kinachoondoa kirusi ndani ya mti uliosimama shambani, na ukiona mtu anakuuzia, jua anakuuzia maji. Kupiga dawa ya wadudu kwa sababu ya batobato ya tufaha ni hela inayotupwa. Najua huku kwetu tumezoea batobato ya mihogo inayobebwa na inzi weupe, lakini kwenye tufaha hakuna mdudu anayejulikana kukibeba kirusi hiki. Vivyo hivyo kwa vile vitatu vilivyojificha, nitavieleza chini. Njia kuu ni mkono wa mbebeshaji: kikonyo, jicho na shina la chini. Miti mikubwa iliyopandwa karibu inaweza kuambukizana pale mizizi inapoungana chini ya ardhi, ila hilo huenda polepole na kwa miche ya msimu mmoja kitaluni usilitilie shaka. Mche wa jirani yake uko salama, mradi haukubebeshwa kutoka chanzo hicho hicho.

Sasa vile vitatu. Hivi ndivyo vinavyopaswa kumnyima usingizi mwenye kitalu cha biashara kuliko batobato, maana batobato angalau unaiona. Kuna kirusi cha madoa ya njano ya majani, ACLSV. Cha mashimo ya shina, ASPV. Na cha mifereji ya shina, ASGV. Kwenye aina nyingi tunazouza havionyeshi dalili yoyote. Mti unakua, unazaa, unapendeza, na mtu anaukatia vikonyo miaka kumi mfululizo. Mara nyingi vinakaa viwili au vitatu kwa pamoja kwenye mti mmoja. Madhara yake huja taratibu: mche hauna nguvu, macho mengi hayashiki, miche ya kundi moja inapishana urefu. Kisha siku unabadilisha shina la chini ukachukua lisilovumilia, kundi zima linakufa mkononi.

Mfano unaojulikana sana ni shina la G.16 lililotoka Geneva, New York. Ukilibebesha kikonyo chenye virusi hivi vilivyojificha, shina linakataa, na mche unafifia au kufa mapema sana, wakati kikonyo hicho hicho juu ya MM.106 kinakua bila shida. G.935 nayo imeonyesha udhaifu wa aina hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi natumia mti huu miaka yote na sijaona tatizo", jibu ni kwamba shina lake linavumilia. Mti wenyewe bado hajaupima.

---

Gome_na_Jicho

Naendelea na la pili, la kukatika kwenye kiungo, nilitaka lisichanganyike na la juu.

Usikimbilie virusi hapa. Chukua miche mitano iliyodumaa ambayo bado haijakatika. Osha udongo. Kwa kisu kikali bandua gome kuanzia sentimita 5 juu ya kiungo hadi sentimita 10 chini yake, kisha angalia mti wenyewe, ule mweupe.

Ukikuta gome la shingo ya mche, pale linapogusana na udongo, limeoza rangi ya kahawia nyekundu, na kuoza kunapanda kuelekea kiungo, hiyo ni kuoza kwa shingo kunakoletwa na Phytophthora, kimelea cha udongoni kinachofanana na kuvu. MM.106 ni dhaifu sana kwa ugonjwa huo kwenye udongo unaotuamisha maji. Shina hili lilizalishwa kwa kuchanganya Northern Spy na M.1 ili lihimili vidukari sufi vya mizizini, na hilo linalifanya vizuri, ila maji yaliyosimama haliwezi. Kwa mvua za Njombe na udongo mzito, mimi ningeanza kutafuta hapo. Tiba yake ni tuta la juu, mfereji, na kiungo kikae sentimita 15 hadi 20 juu ya udongo.

Ukikuta gome ni zima lakini mti una alama ya utepe uliobana, kama kiuno cha nyigu, basi utepe ulichelewa kufunguliwa. Plastiki isiyonyumbulika ifunguliwe wiki ya 5 hadi ya 8, ukishaona jicho limechipua na kidonda kimeziba.

Ukikuta kikonyo na shina vimeshikana upande mmoja tu, na upande wa pili una nafasi nyeusi yenye ukungu, hiyo ni kazi ya kisu: unene haukulingana au utando wa kijani chini ya gome haukugusana.

Ukikuta mstari mwembamba wa kahawia unaozunguka kiungo chote, ndani ya mti, na gome la hapo limenenepa na kuwa na vinyweleo kama sifongo, hapo ndipo virusi vinaingia kwenye hesabu. Kuna kirusi cha mabaka duara ya nyanya, ToRSV, kinachofanya hivyo hivyo hasa kwa Red Delicious juu ya MM.106. Hubebwa na nematodi (minyoo midogo sana ya udongoni) wa jamii ya Xiphinema na hujificha kwenye magugu kama dandelioni. Kinafahamika zaidi Amerika Kaskazini, na kwa kawaida hujitokeza mti ukishafika umri wa kuzaa, si kwenye mche mchanga. Ukikuta mstari huo peleka sampuli, ila usianze nao.

Mashimo madogo au mifereji kwenye mti mweupe chini ya gome, iliyofuata urefu wa shina, ni dalili ya ASPV au ASGV kwenye shina lisilovumilia. Kwenye MM.106 hutaiona kirahisi.

---

Sampuli_Baridi

Nyongeza upande wa upimaji, maana hapa ndipo watu wanapoteza hela.

Virusi vya miti havikai sawasawa mwilini. Tawi la mashariki linaweza kuwa nacho na la magharibi likatoka safi kwenye kipimo. Kwa hiyo jani moja halitoshi. Kwa kila mti mama chukua majani machanga yaliyofunguka karibuni, mawili kutoka kila upande wa mti, jumla nane, pamoja na vijiti vinne vya unene wa penseli. Chukua wakati wa machipuo mapya na hali ya hewa ikiwa bado ya ubaridi. Ukipeleka majani ya kipindi cha joto kali, ELISA (kipimo kinachotafuta protini ya kirusi) inaweza kusema hakuna wakati kirusi kipo ila ni kichache. Kwa PCR (kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi) unaweza kutumia gome la ndani lililokwanguliwa kwenye vijiti, na hilo linafaa hata mti ukiwa umepukutisha majani.

Funga kila mti kwenye mfuko wake, na karatasi ya gazeti iliyoloweshwa kisha kukamuliwa. Maji yasichuruzike, yanaozesha. Andika kwa penseli kwenye lebo, wino unafutika. Weka kwenye kisanduku chenye barafu, nyuzi 4 hivi, isigande. Ifike maabara ndani ya siku mbili.

Sasa kwenye fomu. Usiandike "pima virusi". Maabara hupima kile ulichotaja. Andika angalau ApMV, ACLSV, ASPV na ASGV. Ongeza ApNMV: ni kirusi kingine cha batobato kilichoelezwa Japani mwaka 2017, na China kimekutwa kwenye miti mingi yenye mabaka ambayo kipimo cha ApMV pekee kilikuwa kinasema haina kitu. Ukipima kimoja ukaacha kingine, unaweza kurudi na karatasi ya "safi" na mti wenye mabaka.

Kama bajeti ni ndogo, omba PCR na uchanganye miti, isizidi mitano kwa sampuli moja. Sampuli ikitoka safi, yote mitano imepita. Ikitoka na kirusi, ndipo unapima mmoja mmoja. Kwa ELISA usichanganye kiasi hicho, haina makali ya kutosha.

Na kipimo kimoja kisikulaze. Mti mama uhesabiwe umepita ukitoka safi misimu miwili tofauti.

Wenye nafasi na subira wanaweza pia kutumia miti ya kuonyeshea, njia ya zamani ambayo vituo vya kuthibitisha miche bado vinaiheshimu. Otesha shina la mbegu, lifikie unene wa penseli. Bebesha macho mawili ya mti unaoupima karibu na ardhi, na juu yake sentimita 5 bebesha jicho moja la aina inayoonyesha dalili. Macho yakishashika, kata shina juu ya jicho la kuonyeshea ili hilo ndilo likue. Fanya mashina matatu kwa kila mti unaoupima, pamoja na matatu yasiyowekwa macho ya mti huo kwa kulinganisha. Lord Lambourne huonyesha batobato na ugonjwa wa mti-mpira (matawi hulegea kama mpira), Virginia Crab huonyesha mashimo na mifereji, Spy 227 hudhoofika kwa ASPV. Shida ni muda: dalili za kwenye mti zinahitaji miaka miwili hadi mitatu.

---

Mkulima_Kinangop

Habari ndugu. Niko upande wa Kenya, nitaongezea mambo ya kisu na mashina, kwa sababu hapo hapajaguswa.

Shina la chini ni nusu ya mche na watu hulisahau. Ukipima vikonyo ukaacha tuta la kuzalishia mashina, umefanya kazi bure. Tuta la MM.106 lililofukiwa udongo ili lichipue hutoa mashina mapya kila mwaka kutoka kisiki kile kile. Kisiki kikiwa na kirusi, kila chipukizi linalotoka hapo linacho, na kikonyo safi ukikipandikiza juu yake kitaambukizwa msimu huo huo. Kwa hiyo visiki vipimwe kama miti mama. Mashina ya mbegu yana faida hapa: virusi hivi vya tufaha kwa kawaida havipitii kwenye mbegu, hivyo mche wa mbegu huanza ukiwa safi. Hasara yake ni kwamba kila mmoja hukua kivyake na mti huwa mkubwa, na vidukari sufi huvamia mizizi yake.

Unaponunua mashina, tafuta yaliyosafishwa. Uingereza vituo vya East Malling na Long Ashton vilisafisha mashina ya M na MM kisha yakatolewa kwa alama ya EMLA. Alama hiyo inaeleza hali ya shina siku lilipotoka kituoni. Likishakaa kwa mtu miaka mingi na kupandikizwa vikonyo visivyopimwa, alama haina kazi tena. Muulize muuzaji: lilipimwa virusi gani, mwaka gani, na lilikaa wapi tangu hapo.

Kisu. Virusi tulivyotaja haviruki kirahisi kwa kisu kutoka mti hadi mti, lakini viroidi (vimelea vidogo kuliko virusi) huruka, na kile cha kovu la ganda la tufaha, ASSVd, huharibu sura ya tunda lisiuzike. Tena kisu kichafu hubeba bakteria na kuvu. Jik ya dukani yenye 3.5%: changanya sehemu 1 ya Jik na sehemu 6 za maji, unapata 0.5%. Futa kwanza utomvu na uchafu kwa kitambaa, kwa maana uchafu humaliza nguvu ya klorini. Kisha zamisha kisu dakika 1 hadi 2. Tumia visu viwili, kimoja kikiwa ndani ya dawa kingine kinafanya kazi, na ubadilishane kila unapohama mti mama. Mchanganyiko ubadilishwe saa sita mchana, au mapema ukichafuka. Jioni suuza kwa maji na upake mafuta, Jik hula chuma. Spiriti ni nzuri kwa bakteria lakini kwa viroidi usiitegemee.

Kwa wanaoleta miche au vikonyo kutoka nje: Kenya, kibali cha KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea) hutangulia kabla mzigo haujaondoka kule, uje na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka, na nyenzo za kupandwa zinaweza kuzuiliwa kwa uchunguzi kituoni Muguga. Tanzania mambo hayo yako kwa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Vikonyo vilivyofichwa kwenye begi la nguo ndivyo vinavyoleta viroidi na fitoplasma (aina ya bakteria wanaoishi ndani ya mimea) mahali ambapo havikuwepo. Ulaya wana fitoplasma ya tufaha, hiyo inasambazwa na wadudu wanaofyonza, na ikiingia hutaizuia kwa kuchagua miti mama peke yake.

---

Mpenda_Matunda

Nauliza tu: kuchovya vikonyo kwenye maji moto nyuzi 50 hakuondoi hivi virusi? Kuna video nimeiona wanafanya kwa mizabibu.

---

Sampuli_Baridi

Hapana. Ile ya mizabibu, nyuzi 50 kwa dakika 45, ni kwa ajili ya fitoplasma kwenye vijiti vilivyolala, na fitoplasma ni kiumbe tofauti. Virusi vya tufaha vinavumilia hapo.

Njia ya joto kwa tufaha iko hivi: mche ndani ya chungu unakaa kwenye chumba cha nyuzi 37 hadi 38 kwa wiki 4 hadi 6, ukiwa unaendelea kuchipua. Kirusi kinashindwa kuzaana kwa kasi ya chipukizi, kwa hiyo ncha mpya hutoka mbele yake. Unakata ncha ya nusu sentimita hadi sentimita 1 na kuibebesha juu ya mche mdogo wa mbegu, au maabara wanakata kiini cha chipukizi kisichofika milimita 1 na kukikuza kwenye chupa. Kisha kila mche uliopatikana unapimwa upya, maana si wote hutoka safi. ApMV hutoka kwa urahisi, ASGV ni mkaidi. Si kazi ya kitalu cha kawaida. Ina maana pale tu aina ni adimu na miti yake yote imeambukizwa.

---

Kitalu_Njombe

Asanteni sana wakuu, nimepata shule. Nimefuatilia lebo. Anna yote yenye mabaka imetoka mti mama mmoja, ule wa kona. Dorsett nimebandua gome: mitatu ina kuoza kwa shingo kama alivyosema Gome_na_Jicho, miwili ina kiuno cha utepe. Mstari wa kahawia hakuna.

Maswali ya mwisho. Kuna mashina ambayo jicho la ule mti wa kona halikushika, likakauka. Nayabebeshe upya kwa jicho safi? Pili, nina uwezo wa kupima miti michache tu, nipange vipi? Tatu, kuna wateja waliokwisha kuchukua miche ya mti ule.

---

Gome_na_Jicho

Mashina hayo yang'oe. Jicho likikaa siku chache tu utando wake ukagusana na wa shina, kirusi kinaweza kuwa kimeshavuka hata kama jicho lenyewe lilikauka baadaye. Ni kosa linalofanyika vitalu vingi: mtu anaona shina zima, anaweka jicho la aina nyingine, na mwaka unaofuata anashangaa Winter Banana imepataje mabaka. Kama unaona huruma, yatenge mstari wa peke yake ufanyie mazoezi ya vijana, yasiuzwe.

Mti wa kona usiukatie hata kijiti kimoja tena. Kuung'oa si lazima kama unakupa matunda, ila kama mti wa pili uko karibu nao mizizi inaweza kuungana, na kwa kitalu cha biashara mimi ningeung'oa pamoja na kisiki chake ili machipukizi ya chini yasije yakakatiwa na mtu asiyejua. Udongo wake hauhitaji dawa wala kupumzishwa, kirusi hiki hakikai kwenye udongo.

Kuhusu kupima kidogo. Usitawanye hela kwenye miti yote. Chagua miti minane: mitatu Anna, mitatu Dorsett Golden, miwili Winter Banana, yenye matunda yanayolingana na aina na isiyowahi kuonyesha kitu. Pima hiyo tu, kwa mpangilio alioutoa Sampuli_Baridi. Inayopita misimu miwili iwe ndiyo chanzo chako pekee. Mti wa miaka minne unaokatwa kwa nguvu kila mwaka ili utoe machipukizi unaweza kukupa vijiti 50 hivi vyenye macho sita mazuri kila kimoja. Miti minane ni macho 2,400. Hata ukipoteza robo, bado una miche 1,800, na kwa vitalu vingi vya huku hiyo inatosha kabisa.

Kisha kutoka miti hiyo iliyopita, bebesha miti mama mipya juu ya mashina ya mbegu na uipande mbali na bustani ya matunda, angalau mita 10 kutoka mtufaha wowote wa zamani. Usiiache izae, ondoa maua, kazi yake ni vijiti. Usibebeshe aina mbili juu ya mti mama mmoja, na usibadilishe aina juu ya mti wa zamani ukadhani kikonyo kipya kitabaki safi, maana shina la zamani litakipa kila lilicho nacho. Kila mti uwe na namba kwenye bati lililochongwa kwa msumari, na namba hiyo iandikwe kwenye kila fungu la vikonyo hadi kwenye lebo ya mche unaouzwa. Vikonyo vikisubiri, viwe kwenye gazeti lenye unyevu ndani ya plastiki, nyuzi 2 hadi 4, na friji hiyo isiwe na matunda yaliyoiva, gesi yake huua macho.

Wateja wapigie simu. Waambie ukweli: mti wa Anna wenye batobato unaweza kuishi na kuzaa, ila utakuwa na nguvu pungufu, na majani yakibabuka sana unazaa kidogo. Anayetaka, mbadilishie. Anayebaki nao, mwombe jambo moja kwa msisitizo: asikate kijiti cha kubebeshea mti mwingine wala kumpa jirani. Huku jirani akiona Anna inazaa vizuri kwanza anaomba kikonyo.

---

Mkulima_Kinangop

Kwenye hiyo risiti ya mteja andika namba ya mti mama na tarehe ya kupandikiza. Siku mti mmoja ukishindwa kipimo cha mwaka, utajua nani wa kumpigia bila kuwatisha wengine. Na kila mwaka rudia kupima robo ya miti mama, miwili kati ya minane, kwa zamu, ikianza na ile unayoikatia vijiti vingi zaidi.